Nimepewa karatasi niwasainishe wenzangu waikatae nyongeza yao

Shikamoo Shangazi,

Safu hii naisoma miaka mingi, sikudhani siku moja ningeiandikia. Naomba jina langu lisitajwe.

Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kufulia mashuka na taulo za hoteli. Tuko watu 31. Niliingia hapa miaka tisa iliyopita nikiwa mchambuaji wa nguo chafu, nikahamia kwenye mashine, kisha kwenye pasi kubwa, hatimaye nikakabidhiwa zamu. Kazi ya kila mtu pale naijua kwa mikono yangu. Kati yetu, 22 wanalipwa kima cha chini cha mshahara, kile kile cha sheria bila kuzidi hata kidogo. Mimi nimewazidi, lakini si kwa mengi.

Serikali imetangaza kima kipya. Kinaanza mwezi ujao, na nyongeza yake ni moja ya tano ya mshahara wa sasa. Siku habari zilipotoka watu walishangilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mmoja akakaa sakafuni akalia. Nilishangilia nao. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu, nikakuta kwamba mtu aliyeanza kazi mwezi uliopita atalipwa karibu sawa na mimi. Shangazi, sikufichi, nilikasirika, na niliwakasirikia wao, si mtu mwingine. Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza miaka yangu tisa imekwenda wapi.

Siku ya tatu bosi akaniita ofisini. Alikuwa na rundo la karatasi zilizochapwa, kila moja ina nafasi ya jina. Zimeandikwa hivi: "Mimi niliyetia saini hapa chini, kwa hiari yangu, nakubali kuendelea na mshahara wangu wa sasa ili kulinda ajira yangu." Akaniambia nizipeleke kwa wale 22, zirudi zote zikiwa na saini ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo. Alisema kima kipya kinampandishia gharama kwa asilimia 20 na hoteli hazitakubali kulipa zaidi. Watu wasiposaini atapunguza wanane, na hao wanane nitawachagua mimi kwa sababu ndiye ninayewajua. Nilipokuwa nasimama kuondoka akaongeza kwamba mshahara wangu ataupandisha, ila nisimwambie mtu.

Huyu si mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Miaka mitano iliyopita mwanangu alilazwa wiki tatu na bosi ndiye aliyelipa gharama zote za hospitali. Hajanidai mpaka leo, wala hajawahi kunikumbusha. Ningewezaje kumwambia hapana?

Nikaanza kuzipeleka. Watatu wameshasaini. Wa tatu ni mama mmoja wa kwenye pasi, mkongwe kuliko sote, ambaye hajui kusoma. Aliniuliza, "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?" Nikamjibu ni mambo ya ofisi tu. Akachovya kidole kwenye wino akaweka dole gumba, akanishukuru. Tangu wakati huo sijampelekea mtu mwingine. Karatasi 19 zimo kwenye mkoba wangu.

Kila mwisho wa mwezi namsaidia karani kufunga hesabu, kwa hiyo najua kwamba katika kila mia inayotumika kiwandani, mishahara ya wale 22 ni kama 30. Zinazobaki ni za maji, umeme, sabuni, mafuta ya boila, pango, matengenezo, na sisi wengine. Najua pia kwamba karibu kila mwezi mtu mmoja au wawili wanaacha kazi.

Nisaidie, Shangazi. Je, ni kweli mshahara ukipandishwa kazi zinapotea? Nimesoma wanaosema ndiyo na wanaosema hapana. Nikikataa nikafanya wanane wafukuzwe, si itakuwa ni mimi niliyewaumiza? Na huu wivu wangu niufanyeje?

Msimamizi wa zamu

*

Marahaba mwanangu.

Karatasi hizo 19 zibaki kwenye mkoba. Usimpelekee mtu mwingine hata moja, na kesho, kabla ya zamu kuanza, nenda kwa yule mama wa pasi. Mwite pembeni, msomee neno kwa neno kilichoandikwa juu ya dole gumba lake, halafu mwambie kwamba alipokuuliza hukumwambia ukweli. Usianze na bosi. Yule mama alikuuliza kwa sababu alikuamini, na mpaka sasa anadhani mwezi ujao mshahara wake unapanda. Ukishatoka kwake, nenda kwa wale wawili wengine.

Najua ni kazi nzito kumwomba mtu mzima radhi kwa jambo kama hilo. Ila nimeisoma barua yako mara nne, na kila mara naona kwamba hapo ndipo ulipojistukia wewe mwenyewe. Hukuacha kuzipeleka kwa kumwogopa bosi au kwa kuijua sheria. Uliacha kwa sababu alikushukuru.

Karatasi ya namna hiyo si mpya. Ina umri unaozidi miaka mia moja, na nitakusimulia habari zake, maana zinafanana na zako mno.

Mwaka 1909 Uingereza ilipitisha sheria ya kuunda bodi za mishahara kwa kazi chache zilizokuwa na malipo duni kuliko zote. Mojawapo ilikuwa kazi ya kufua minyororo ya chuma. Katika mji wa Cradley Heath kazi hiyo ilifanywa na wanawake, kwenye vibanda vya uhunzi nyuma ya nyumba zao, mara nyingi watoto wao wakiwa wamelala pembeni ya moto. Bodi ilikaa, ikapanga kima cha chini cha peni mbili na nusu kwa saa. Ukisikia leo unaona si kitu, lakini kwa wengi wao ilikuwa karibu mara mbili ya walichokuwa wakipata.

Sheria ile ilikuwa na upenyo. Mfanyakazi akikubali kwa maandishi, mwajiri aliweza kuendelea kumlipa malipo ya zamani kwa miezi sita mingine. Basi mwaka 1910 waajiri wakachapisha karatasi, wakawapelekea wanawake wale wasaini. Wengi hawakujua kusoma, wakatia alama zao bila kufahamu kwamba wanaisaini nyongeza yao iondoke.

Kiongozi wa chama cha wafanyakazi wanawake, Mary Macarthur, alipolijua hilo aliwakusanya, akawaeleza karatasi inasema nini. Walipoelewa waligoma. Walikuwa kama 800. Mmoja wao, Patience Round, alikuwa na umri wa miaka 79 na alikuwa akifua minyororo tangu utotoni. Mgomo ulidumu wiki kumi. Watu wasiowajua, kutoka pande nyingi za nchi, waliwachangia fedha. Waajiri wengine walikubali mapema kulipa kima kipya, wengine wakang'ang'ania, na wa mwisho alisalimu amri tarehe 22 Oktoba 1910. Michango ilikuwa mingi hata ikabaki, na kwa fedha hizo wakajengewa jumba la wafanyakazi katika mji wao.

Sikusimulii haya ili uitishe mgomo. Nakusimulia uone jambo moja dogo ambalo mimi limenikaa moyoni tangu nilipolijua: kilichogeuza mambo ni mtu kuwasomea karatasi waliyopewa. Kabla ya hapo saini zilikuwa zinapatikana bila shida, kama wewe ulivyozipata hizo tatu.

Upenyo ule wa kusainisha ulikuja kuzibwa. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mkataba wake wa kwanza kuhusu viwango vya chini vya mishahara, Mkataba namba 26 wa mwaka 1928, liliandika wazi kwamba kima kikishapangwa, mwajiri na mfanyakazi hawawezi kukishusha kwa makubaliano ya wao wawili. Aliyelipwa pungufu ana haki ya kudai alichopunjwa. Mkataba namba 131 wa mwaka 1970 ukarudia kwamba kima cha chini kina nguvu ya sheria na asiyekifuata anastahili adhabu. Sheria za nchi hutofautiana katika mengi, na yapo makundi ambayo baadhi ya nchi huyaacha nje, kwa hiyo kabla hujasema lolote nenda ofisi ya kazi au kwenye chama cha wafanyakazi, uliza swali moja tu: je, mfanyakazi wa kiwanda anaweza kusaini akubali malipo yaliyo chini ya kima? Ningeshangaa sana wakikujibu ndiyo.

Maana yake ni kwamba zile saini tatu, kwa kila dalili, hazimlindi bosi wako. Akilipa mshahara wa zamani mwezi ujao, deni linaanza kuhesabika siku hiyo hiyo, saini iwepo isiwepo, na malimbikizo ya watu 22 kwa mwaka mmoja au miwili ni mzigo unaoweza kukifunga kiwanda kwa uhakika kuliko nyongeza yenyewe. Mwenye kumpenda kweli angemwambia hilo. Nadhani wewe unampenda, na pengine hakuna mwingine pale anayeweza kuingia ofisini kwake akamwambia.

Sasa swali lako la kazi kupotea. Umesema umesoma wanaosema ndiyo na wanaosema hapana, na ni kweli wapo wa pande zote, tena watu makini. Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na jimbo jirani la Pennsylvania halikupandisha. Wachumi David Card na Alan Krueger walichunguza migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka, kabla na baada, waone kama New Jersey ajira zimepungua. Hawakuona zikipungua. Walipochapisha matokeo mwaka 1994 walipingwa vikali, wenzao David Neumark na William Wascher wakatumia kumbukumbu za mishahara za migahawa wakapata jibu la kinyume, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Card alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, na Krueger alikuwa ameshafariki. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019, ulifuatilia mabadiliko 138 ya kima cha chini katika majimbo ya Marekani kati ya 1979 na 2016. Kazi zilizokuwa chini ya kima zilipotea, ndiyo, lakini idadi karibu ile ile ilitokea juu yake. Yaani zilikuwa kazi zile zile, ila zinalipwa zaidi.

Hata hivyo nisikudanganye. Mji wa Seattle, huko huko Marekani, ulipofikisha dola 13 kwa saa mwaka 2016, timu ya Chuo Kikuu cha Washington ilikuta saa za kazi za watu wa kipato cha chini zimepungua, wakati timu ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyoangalia migahawa haikuona ajira zikipotea. Kwa hiyo hatari ipo, na mara nyingi huja kwa mlango wa nyuma: mtu hafukuzwi, ila zamu zake zinakatwa. Kima kikipandishwa mno kuliko uwezo wa kazi zenyewe, watu huumia. Ninachokiona katika tafiti hizi zote ni kwamba nyongeza ya kiasi haibomoi ajira kama wenye mali wanavyoogopa. Na sababu yake si muujiza. Mfanyakazi wa chini hana mahali pengi pa kukimbilia, kwa hiyo hulipwa pungufu ya kile ambacho kazi yake inamwingizia mwajiri. Kati ya hivyo viwili pana nafasi, na nyongeza huanza kwa kuila nafasi hiyo.

Tuache majimbo ya watu turudi kwenye mashuka yako. Bosi amesema gharama inapanda kwa asilimia 20. Wewe mwenyewe umenipa hesabu ya kumjibu. Mishahara ya wale 22 ni 30 katika kila mia, na moja ya tano ya 30 ni 6. Gharama ya kiwanda inatoka 100 kwenda 106. Si asilimia 20, ni sita. Weka na nyongeza ndogo kwa ninyi mliowazidi kidogo, nayo inafika saba au nane. Sisemi ni kidogo, maana biashara yenye faida nyembamba inaweza kuyumba kwa sita. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kumweleza mteja "nakupandishia kwa sita" na "nakupandishia kwa ishirini", na nina shaka kama bosi wako ameshaketi kuikokotoa. Hofu mara nyingi huichukua ile namba iliyotangazwa redioni ikaishika kama ilivyo.

Nani atailipa hiyo sita? Hungary ilipandisha kima cha chini kwa kishindo mwaka 2001 na tena mwaka uliofuata, na wachumi wawili walipofuatilia fedha zilitoka wapi walikuta takriban robo tatu ililipwa na wanunuzi kupitia bei, na robo ikatoka kwenye faida ya wenye kampuni. Ajira zilizopotea zilikuwa chache, na walioumia zaidi ni waliouza nje ya nchi, ambao hawakuweza kupandisha bei kwa sababu washindani wao wa nchi nyingine hawakuguswa na sheria ile. Hebu litazame hilo kwa macho ya kiwanda chenu. Mashuka ya hoteli hayapakiwi melini kwenda kufuliwa nchi nyingine yakarudi jioni. Wafuaji wote mnaoshindana nao wameamkia sheria ile ile. Bosi wako anafikiri yuko peke yake mbele ya hoteli, kumbe wote wanapanda siku moja. Anayepaswa kumtia wasiwasi ni mfuaji mwenzake atakayewasainisha watu wake kwa siri ili abaki na bei ya chini, na huyo dawa yake ni ukaguzi wa kazi.

Hoteli nazo zina wafagiaji, walinzi na waosha vyombo wanaoguswa na kima hicho hicho, kwa hiyo barua ya kupandisha bei haitawashtua. Aiandike wiki hii. Aombe saba, wakikubali tano itakuwa imebaki moja, na hiyo moja itafutwe ndani ya kiwanda. Pa kuitafuta umeshanionyesha bila kujua: kila mwezi mtu mmoja au wawili wanaondoka. Kila anayeondoka anakulazimu kumfundisha mwingine, na katika wiki zake za kwanza huyo mgeni anaunguza mashuka, anachanganya taulo za hoteli mbili, anaipakia mashine kupita kiasi. Wewe ndiye unayejua idadi ya mashuka yaliyolipwa fidia mwaka huu. Iandike. Watafiti wameona mara kadhaa kwamba kima kikipanda, watu wanaohama kazi hupungua, na katika kazi kama yenu hiyo ni fedha halisi inayorudi mfukoni mwa mwajiri.

Kuhusu kupunguza wanane, jiulize kama msimamizi: mwezi ujao mashuka yatapungua? Vyumba vya hoteli vitapungua? Kama kazi ya watu 22 ingeweza kufanywa na 14, sidhani kama wale wanane wangekuwepo mpaka leo. Inawezekana akawapunguza kweli, siwezi kukuhakikishia kinyume. Lakini akifanya hivyo litakuwa ni jambo lake, lenye taratibu zake za kisheria za notisi na mafao. Hutakuwa wewe uliyewafukuza. Na kuchagua majina usikubali. Mwambie hivyo kwa mdomo, kisha mwandikie mistari miwili ya kumthibitishia, ubaki na nakala. Mtu aliyepewa kazi ya kuchagua nani aondoke kwa sababu wenzake hawakusaini, kesho atasimama peke yake mbele ya wote, na aliyemtuma atakuwa ndani ya ofisi.

Nije kwenye fadhila, maana naona ndiyo inayokubana koo. Alimlipia mwanao hospitali. Ni jambo kubwa, na usije ukaruhusu ugomvi huu ukufanye uliseme vibaya. Lakini tazama ni nani anayeombwa kulilipa deni hilo. Wewe ndiye uliyefadhiliwa, na karatasi zimewaendea wale 22. Mama wa pasi hakulaziwa mtoto. Ikiwa unataka kumlipa bosi wako, mlipe kwa mali yako: kwa uaminifu wako, kwa kumkalia chini na hesabu hizi usiku mmoja baada ya kazi, kwa kwenda naye kwenye hoteli ukawaeleze wewe uliyefua. Hata ukitaka kumrudishia zile fedha kidogo kidogo, ni uamuzi wako. Mshahara wa wenzako huna mamlaka ya kuutoa zawadi.

Nyongeza ya siri aliyokuahidi ikatae. Sikwambii hivyo kwa sababu hustahili kuongezwa, unastahili, na nitaeleza. Ikatae kwa sababu imefungwa pamoja na karatasi. Siku itakapojulikana, na katika kiwanda cha watu 31 itajulikana, hakuna atakayekuamini tena ukimwambia hata kwamba mashine ni ya moto.

Sasa wivu. Asante kwa kuuandika, wengi huuficha nyuma ya maneno makubwa ya uchumi. Mimi siuiti wivu tu. Miaka tisa umejifunza boila, mashine, pasi, watu, na malalamiko ya hoteli saa kumi na moja alfajiri, na mtu akikuambia hayo yote yana thamani karibu sawa na siku ya kwanza kazini, lazima uumie. Ni maumivu ya haki. Ulichokosea ni upande ulioyaelekeza. Yule aliyeanza mwezi uliopita hajakupunguzia chochote, mshahara wako uko pale pale. Kilichotokea ni kwamba sakafu imeinuliwa na wewe ukajikuta hukuwa umesimama mbali nayo. Ulikuwa unalipwa kidogo muda wote. Udogo wao ndio uliokuficha usiuone wako.

Kwa hiyo dai nyongeza yako, mchana kweupe. Ule utafiti wa mabadiliko 138 ulionyesha pia kwamba kima kikipanda, nyongeza huwafikia hata waliokuwa juu yake kidogo, kwa sababu waajiri wanalazimika kuacha pengo kati ya fundi na mwanafunzi, la sivyo mafundi wanaondoka. Andika barua fupi: nina miaka tisa, nasimamia watu kadhaa, nafundisha wageni, naomba pengo kati ya mshahara wangu na kima cha chini libaki lilivyokuwa. Tumia uwiano, usitaje kiasi tu, ili kima kikipanda tena usirudi hapa. Na usiipeleke siku moja na mazungumzo ya karatasi, asije akadhani unabadilishana kimoja kwa kingine.

Mambo ya tahadhari niyataje kwa haraka. Piga picha karatasi moja isiyo na jina uihifadhi nje ya simu ya kazini. Andika tarehe ya kila mazungumzo na yaliyosemwa. Kama kuna chama cha wafanyakazi, waone kabla ya Ijumaa, usiende mbele peke yako. Mwezi mpya ukianza, waambie wenzako walinganishe hati ya malipo na fedha waliyopokea, na wahesabu saa zao kwenye daftari: kuna waajiri wanaolipa kima kipya kwenye karatasi huku posho ya usafiri imemezwa ndani yake, sare zimeanza kukatwa, au siku ya saa tisa imeandikwa saba. Kupokea pungufu huku umesaini kamili ni ndugu wa karatasi uliyoishika.

Ukienda kwa bosi, nenda asubuhi akiwa hajachoka, ufunge mlango. Mwekee karatasi 19 mezani zikiwa tupu. Mwambie: "Mzee, hizi siwezi kuziendeleza, na wale watatu nimeshawaeleza. Hazitakulinda, zitakuletea deni. Lakini nimekuja na hesabu, naomba nusu saa." Kisha mwonyeshe ile sita. Mtu aliyemlipia hospitali mtoto asiye wake, akiwa hakuulizwa, nina matumaini kwamba atakupa hiyo nusu saa. Akikufukuza ofisini, ondoka kwa heshima, na siku hiyo hiyo nenda kwa afisa kazi na nakala zako.

Niandikie tena, mwanangu. Nataka kujua hoteli zimejibu nini, na yule mama alisema nini ulipomsomea.

Shangazi